Mvua Haikuwa Yangu

Nakumbuka asubuhi moja ya mwaka wa njaa, Mwingereza akiwa bado anatutawala, mjomba wangu aliponituma nipande kwenye jabali nyuma ya nyumba yake nikaangalie upepo unatoka wapi. Nilikuwa kijana wa kuoa, si mtoto. Nikapanda, nikasimama pale juu na kutazama, nikateremka nikamwambia kwamba upepo unatoka kulekule ulikotoka mwezi uliopita, na wingu hakuna. Mjomba akasema, "Basi keshokutwa utasimama wewe." Maneno hayo yalinitoa jasho, na nitakueleza kwa nini, lakini kwanza nikwambie kwa nini nakusimulia.

Juzi, mwanangu, baada ya kufuturu, uliniuliza mbele ya wenzako, "Babu, tutajuaje kama Mtume alikuwa mkweli? Pengine alijitungia tu, watu wakamfuata." Wenzako wakakutolea macho. Shangazi yako akasema astaghafirullah na kuanza kukusanya vyombo kabla watu hawajamaliza kula. Mimi nikanyamaza, mkadhani nimeudhika. Sikuudhika hata kidogo. Nilikuwa namalizia uji wangu, na uji ukipoa hauna ladha.

Swali lako niliwahi kuliuliza mimi, tena kwa maneno mabaya kuliko yako. Nililiuliza nikiwa najua ninachouliza, kwa sababu nililelewa katika nyumba ambayo kazi yake ilikuwa kushika imani za watu. Kwa hiyo leo nakujibu, na sitakuficha kitu. Ukishanisikiliza na bado una shaka, rudi uniulize tena. Sitachoka na wewe, ila usinikatize, maana nikikatizwa nasahau.

Jina langu la nyumbani ni Mpinga. Hili la Ramadhani lilikuja baadaye. Kwetu Iramba siku zile mtu alimrithi mjomba wake, si baba yake, na mjomba wangu Kitundu, kaka wa mama yangu, ndiye aliyekuwa na chungu cha kuitia mvua kwa vijiji vyote vya upande wetu, njia ya kushukia Sekenke. Mvua zikikaribia, watu walimpelekea kondoo mweusi. Mvua ya kwanza ikishanyesha, kabla mtu hajatia jembe shambani kwake, wote walikwenda kulima shamba la mjomba, wanaume na wanawake, kwa nyimbo na pombe. Yeye alikaa pembeni kwenye kigoda. Mwenye mvua hakushika jembe maisha yake yote. Jembe mkononi mwake lilikuwa mwiko. Na mrithi wa chungu kile na kigoda kile nilikuwa mimi.

Sitaki umcheke mjomba wangu. Alikuwa mtu mpole, mwenye maneno machache, na hakuna aliyejua mvua kama yeye. Alinifundisha kutazama miti ya porini inavyochipua majani kabla ya tone la kwanza, siafu wanavyohama mabondeni, na upepo unavyogeuka. Angewaambia watu elimu ile kama ilivyo, wangemheshimu, na pengine tungekuwa tunamsoma shuleni. Lakini hakuwaambia, kwa sababu na yeye alifundishwa asiwaambie.

Alinifundisha na mengine. Usiwaite watu kwenye chungu mpaka uone dalili mwenyewe. Ukiulizwa, usiseme hata siku moja kwamba hujui. Sema mambo bado yanatengenezwa. Mvua ikinyesha ni yako, hata kama ulikuwa umelala unakoroma. Na isiponyesha, basi kuna mtu ameifunga. Nilimwuliza nitamjuaje mtu huyo. Mjomba akatabasamu. "Jina huwa lipo," akasema. "Wewe huna haja ya kulitunga. Subiri, watu wenyewe watakuletea. Kazi yako ni kukubali tu."

Mwaka ule watu walimletea jina. Mbegu zilikuwa zimemwagwa kwenye udongo mkavu zikaliwa na kware, ng'ombe walikuwa mifupa mitupu, na akina mama walichemsha michembe, vile viazi vilivyokaushwa, wakigawa vipande kama dawa. Serikali ilikuwa mbali, huko bomani. Ilitujua kwa kodi na kwa amri ya kupanda mihogo, na mihogo yenyewe ilikuwa imekauka. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mvua imefungwa na Mama Eliya.

Mama Eliya alikuwa mjane, jirani yetu, shamba lake lilipakana na la mama yangu. Alikuwa amebatizwa kule misheni, na tangu abatizwe alikuwa hatoi chochote kwa ajili ya kondoo wa mvua. Mwaka huo alifanya kosa kubwa zaidi machoni pa watu: siku mjomba alipopiga marufuku majembe kugusa ardhi, yeye alionekana analima. Alikuwa peke yake na watoto, mkubwa wao, huyo Eliya, hata ng'ombe bado hajaweza kuchunga. Angelima lini kama asingelima siku hiyo? Lakini njaa ikiingia kijijini watu hawaulizi maswali ya namna hiyo.

Sasa ndipo uelewe maneno ya mjomba. Mguu wake ulikuwa umevimba, hawezi kusimama mbele za watu, na watu walikuwa wameshasema hawangoji tena. Keshokutwa wangekutana penye chungu, na mimi ndiye ningesimama kwa niaba yake, mara yangu ya kwanza. Wangeniuliza nani amefunga mvua. Wangelitaja wenyewe jina la Mama Eliya. Ningeitikia kwa kichwa, basi. Nilikuwa nimeona utotoni jinsi jambo hilo linavyofanyika: mzee mmoja alitolewa kijijini, paa lake likachomwa, akateremka na mbuzi wake kuelekea mbuga ya Wembere. Hatukumwona tena, na hakuna aliyemtaja jina.

Siku ya katikati mama alinituma Misigiri nikauze kuku tupate chumvi. Kule kulikuwa na mtu mmoja wa Tabora, Mwalimu Sefu, aliyefundisha watoto wachache dini na kushona nguo kwenye kibaraza cha duka la Mhindi. Nilikuwa namfahamu; alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe na cherehani iliyopiga kelele kuliko mashine ya kusaga. Kila nilipopita alinikaribisha kahawa na kunieleza habari za Mtume. Nilikunywa kahawa, habari nikaziacha palepale.

Siku hiyo nilifika na moyo mchungu. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akaitikia, akanisogezea mkeka. Alipoanza tu kunieleza, nikamkatiza. Nikasema, "Mwalimu, Mtume wenu na mjomba wangu naona wanafanya kazi moja. Mmoja ana chungu, mwingine ana kitabu. Watu wana hofu, yeye anawaambia anajua."

Cherehani ikanyamaza. Wanafunzi wake wawili waliokuwa pale wakainuka kama wanaotaka kunitoa kwa mikono. Yeye akawaashiria wakae. Akanitazama usoni, akasema, "Mpinga, jambo unalolihitaji kwa dhati usiliulize kwa kejeli. Uliza kama mtu mwenye kiu."

Neno hilo lilinipata barabara, mwanangu, na mpaka leo nalisikia. Nilikuwa nimejificha nyuma ya dharau, na mzee yule alinitoa huko kwa sentensi moja bila kupandisha sauti. Nikamweleza yote: chungu, mguu wa mjomba, Mama Eliya, na mkutano wa kesho yake. Nikamwambia, "Mimi nimefundishwa jinsi mtu anavyowashika watu kwa uongo. Nataka kujua huyu wako ni tofauti kwa lipi."

Mwalimu Sefu akaanza kwa hoja ambazo huenda na wewe umezisikia. Akasema Mtume hakutajirika kwa utume wake. Alilala kwenye mkeka ukamwachia alama ubavuni, akashona viatu vyake mwenyewe, na sadaka za watu akazikataza kwake na kwa jamaa zake. Nikamwambia hiyo hainitoshi. Mjomba wangu naye si tajiri; wako watu wanaoshiba heshima hata kama chungu cha ugali ni kitupu. Akasema aliteswa, jamaa zake wakatengwa mpaka wakala majani, akaahidiwa ufalme aache, na hakuacha. Nikasema hiyo ni hoja nzito zaidi, lakini mtu mkaidi naye huteswa, na anayejidanganya mwenyewe naye haachi. Mzee akacheka. Akasema, "Wewe ni mgumu. Haya, nipe kipimo chako. Wewe ndiye unayeijua kazi ya uongo kuliko mimi."

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniambia hivyo. Nikafikiri. Nikamwuliza, "Alipoulizwa jambo asilolijua, alifanya nini?"

Akanieleza kwamba Mtume aliulizwa mambo na watu waliotaka kumwaibisha, akawaahidi jibu kesho, na kesho ikaja bila jibu. Siku zikapita. Adui zake wakacheka sokoni, na yeye akakaa na aibu yake, hakutunga kitu cha kuwanyamazisha. Akanieleza kwamba mke wake aliposingiziwa jambo baya na mji mzima ukawa unasema, alikaa siku nyingi na uchungu nyumbani, hajui aseme nini. Maneno machache tu ambayo angedai yametoka mbinguni yangemaliza fitina ile siku ya kwanza. Hakuyasema mpaka yalipomjia. Akanieleza na habari ya kipofu aliyemjia akiwa anazungumza na wakubwa wa mji, naye akakunja uso, na Kitabu alichokuja nacho yeye mwenyewe kikamkemea kwa kukunja uso ule. Watu wanaisoma lawama hiyo mpaka leo kwenye sala.

Nilijaribu kumwona mjomba Kitundu akifundisha chungu chake kimseme vibaya mbele za watu, na nikashindwa kuliona jambo hilo.

Lakini nilibakiza swali moja, na ndilo nililokuwa nalo tangu asubuhi ile ya jabali. Nikasema, "Mwalimu, watu walipomletea uongo wenyewe, mkononi, bila yeye kuutunga, alifanyaje?"

Mwalimu Sefu akaondoa miwani yake, akaifuta kwa kanzu. Akasema, "Mtume alikuwa na mtoto wa kiume, uzeeni. Watoto wake wengine wa kiume walikuwa wameshakufa, na adui zake walimcheka kwa hilo. Huyu alimpenda sana. Akamfia mikononi akiwa bado ananyonya. Mtume akalia, watu wakamwona analia. Siku hiyohiyo jua likapatwa, mchana ukawa giza. Watu wa mji wakasema, jua limehuzunika kwa ajili ya mtoto wa Mtume. Hakuwatuma waseme, Mpinga. Walisema wenyewe, kwa mapenzi yao. Akatoka na msiba wake, akawasalisha, kisha akawaambia kwamba jua na mwezi ni alama za Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake."

Akavaa miwani, akarudi kwenye cherehani yake. Hakuniambia niamini wala hakuniambia kesho yake nifanye nini. Nilinunua chumvi nikarudi nyumbani, njia nzima nikimfikiria baba yule aliyetoka kaburini kwa mwanawe na kukataa kwamba jua linamlilia.

Kesho yake watu walijaa kwenye uwanja wa mjomba. Mjomba alikaa kwenye kigoda, mguu kaunyoosha. Mama Eliya alikuja, nilishangaa kwamba alikuja. Alisimama nyuma kabisa amembeba mtoto mgongoni, na watu walikuwa wamemwachia nafasi pande zote. Mzee mmoja jina lake Msengi akauliza kwa sauti, "Nani amefunga mvua?" Na kabla sijafungua mdomo, watu wakageuka wakamtazama mama yule.

Nikasema, "Sijui."

Msengi akasema, "Husemi sawasawa. Kama hujui wewe, nani anajua?" Nikamjibu, "Anayeileta ndiye anayejua. Mimi sijui kwa nini haijaja, na mjomba wangu hajui, na chungu hiki hakijui. Mama Eliya alilima shamba lake kwa sababu hana wa kumlimia. Wingu halitazami jembe la nani limelima."

Watu wakaguna, wengine wakatukana, wakaondoka kwa makundi wakiwa hawajui wafanye nini. Jambo lao lilikosa mtu wa kulikubali, na bila mtu wa kulikubali hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuwasha moto. Mama Eliya akaenda kwake. Mjomba alibaki kwenye kigoda mpaka uwanja ukawa mtupu, akaniambia, "Umenivua nguo mbele za watu." Akaniambia nisikanyage tena nyumbani kwake. Mama yangu alilia jioni hiyo yote.

Ungedhani habari imeishia hapo, na mimi nilidhani hivyo. Kumbe mtihani wenyewe ulikuwa bado.

Siku ya pili yake, alasiri, upepo uligeuka. Wingu likapanda kutoka upande ambao hatukuwa tunautazama, jeusi, na mvua ikaanguka mpaka mabonde yakapiga kelele. Tulikaa ndani tunacheka kama wendawazimu, mama akikinga maji kwa kila chombo alichonacho, hata kwa kibuyu chenye ufa. Sina maneno ya kukueleza furaha ya mvua kwa mtu aliyekula michembe miezi mingi.

Asubuhi nikasikia nyimbo. Nikatoka nje. Watu wote walikuwa wanakuja na majembe mabegani, Msengi yuko mbele, na hawakuwa wanakwenda kwa mjomba. Walikuwa wanakuja kwetu. Msengi akasema, "Mpinga, tusamehe. Kumbe mvua ilikuwa inangoja mrithi. Umetamka, imefunguka." Mama yangu akapiga vigelegele. Kijana mmoja akanikabidhi salamu kutoka kwa mjomba: nikubali tu, yote yamesamehewa, kigoda ni changu.

Mwanangu, nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo lilipo jibu la swali lako. Sikuwa nimedanganya neno hata moja. Nilikuwa nimesema sijui, nikalala, mvua ikanyesha. Uongo ule waliutunga wao, wakauimba wao, wakauleta mpaka mlangoni kwangu pamoja na majembe. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa pembeni na kunyamaza. Mama yangu angefurahi. Mjomba wangu, niliyempenda, angenirudia. Na moyo wangu ukaniletea hoja tamu kuliko zote: nikiwa mwenye mvua, nitamlinda Mama Eliya na wengine kama yeye, nitaondoa mambo haya ya kufukuza watu. Nitautumia uongo kwa wema. Naapa, kwa muda mfupi hoja hiyo niliiona ni nzuri sana.

Ndipo nikamkumbuka yule baba. Yeye naye uongo ule ungemfaa. Ungeifaa hata dini yake. Ni wangapi wangeingia siku hiyo kwa sababu ya jua? Na alikuwa kwenye msiba, wakati ambao hakuna mtu angemlaumu kwa kukaa kimya. Wengi wetu kwenye msiba tunapokea neno lolote linalotufariji bila kuliuliza limetoka wapi. Yeye alisimama na machozi bado hayajakauka akasema hapana. Mtu anayetafuta wafuasi kwa hila hawezi kulifanya hilo, na anayejidanganya hawezi pia, kwa maana angekuwa wa kwanza kuamini kwamba jua linamlilia. Kati ya hoja zote za Mwalimu Sefu, niliziacha nyingine njiani, hii ikakataa kuniacha.

Nikawaambia, "Mvua hii si yangu. Ingenyesha hata kama ningekuwa nimezikwa juzi. Nendeni mkalime kwenu kabla udongo haujakauka."

Unadhani walikubali? Wakatazamana, wakafurahi zaidi. Mama mmoja akasema, "Mnaona, mwenye nguvu kweli hajisifu." Nilikuwa nakaribia kucheka na kulia kwa pamoja. Kila nilivyokataa ndivyo walivyozidi kunipandisha. Nikaona maneno hayatoshi.

Nikaingia ndani nikachukua jembe la mama. Nikapita katikati yao, nikaenda shambani kwetu, nikaanza kulima mwenyewe. Nyimbo zikakatika. Nilikwambia kwamba mwenye mvua hashiki jembe. Hakuna aliyewahi kuliona jambo hilo pale kijijini. Nilipiga jembe bila kuinua kichwa, nikisikia miguu yao nyuma yangu ikisita, kisha ikiondoka, mmoja mmoja. Mama alisimama mlangoni na vigelegele vimemkauka mdomoni. Baada ya siku ile hakuna aliyeniletea kondoo, na chungu kilikwenda kwa binamu yangu, mtoto wa mama mdogo. Mjomba alikufa hatujapatana. Hilo linaniuma mpaka leo, na sitakudanganya kwamba ukweli haukunigharimu.

Nilikuwa nimelima kipande kidogo tu nikasikia jembe lingine linapiga mstari wa pembeni. Alikuwa Mama Eliya. Mtoto mgongoni, amejifunga kanga kiunoni, analima kuja upande wangu. Nikamwambia, "Mama, na wewe usije ukanilimia kama wale. Nimesema mvua si yangu."

Hakuacha kulima. Akasema, "Mvua ni ya Mungu, najua. Sikuja kwa ajili ya mvua. Nimekuja kwa jirani yangu." Tulimaliza shamba letu, tukaenda tukalima lake. Yeye alikufa Mkristo mwema, na mimi nilibeba jeneza lake pamoja na wazee wa kanisa lake.

Palizi ilipokwisha nilikwenda Misigiri. Mwalimu Sefu alikuwa kibarazani, cherehani inapiga kelele. Nikamwambia nimekuja kutoa shahada. Hakufurahi haraka kama nilivyotegemea. Akasimamisha cherehani akaniuliza, "Ni kwa sababu mvua ilinyesha? Kama ni hivyo, rudi nyumbani, maana mwakani inaweza isinyeshe."

Nikamwambia, "Hapana, Mwalimu. Ni kwa sababu waliniletea uongo mtamu mpaka mlangoni, nikauona ulivyo mzito kuurudisha. Mimi nilirudisha mvua ya kijiji kimoja, na nilikaribia kushindwa. Yule alirudisha jua, siku ya msiba wa mwanawe."

Mzee akalia. Ni mara pekee niliyomwona analia. Akanishika mkono tukaingia ndani.

Sasa wewe, mwanangu. Usione haya kuuliza tena, na wala usiruhusu mtu akufunge mdomo kwa kukutolea macho; Mtume aliulizwa maswali magumu kuliko lako na hakumpiga mtu. Lakini uliza kama mtu mwenye kiu, si kama mtu anayetaka wenzake wacheke. Na unapompima mtu, awe mtume, awe kiongozi, awe shehe mwenye kipaza sauti, awe mimi babu yako, usitazame tu anasema nini. Tazama anafanya nini anapokosa jibu, na anafanya nini watu wanapompa sifa isiyo yake. Wengi wataanguka hapo. Nimeishi miaka mingi na nimewaona wakianguka, wa dini na wa siasa. Mtume hakuanguka hapo, na mimi nasimama na ushahidi huo mpaka siku nitakayoulizwa.

Kisha ujipime mwenyewe, maana imani ya kumsifu mtu mkweli huku wewe unaishi kwa uongo haina faida kwako wala kwake. Siku usipojua jibu, na watu wamegeuka kumtazama mnyonge mmoja aliyesimama nyuma, sema sijui. Siku nyingine mvua itanyesha bila wewe, na utawasikia wanakuja wakiimba.

Mungu akupe ulimi usioona aibu kusema hujui. Akupe jirani atakayekuja na jembe lake wengine wakishaondoka. Na asubuhi watakapokuletea sifa isiyo yako mpaka mlangoni, Mola akupe nguvu ya kuchukua jembe na kupita katikati yao. Amina, mwanangu. Sasa niletee uji wangu, na uwe wa moto.